Naomba ushauri: "quruu" niitafsiri tohara au hedhi?

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Naandaa somo la eda kwa darsa la kina mama, nimekwama Suratul Baqara aya ya 228, inayomtaka mwanamke aliyeachwa angoje "thalaathata quruu", yaani quruu tatu. Neno hili kwa Kiarabu hubeba maana mbili zinazopingana, hedhi na tohara (siku za usafi kati ya hedhi na hedhi). Imamu Shafi na Malik wameshika tohara, Abu Hanifa hedhi.

Ustadh wangu hutumia nahau (sarufi ya Kiarabu): "thalaathata" (tatu) ina taa marbuta, herufi ya mwisho ambayo nambari hii huipata ikihesabu neno la kiume, kwa hiyo kinachohesabiwa ni cha kiume, nacho ni "tuhr" (tohara). Hoja tamu, lakini wa upande wa pili watakwambia "qur'u" (umoja wa quruu) lenyewe ni la kiume, hata likimaanisha hedhi. Wana na hadithi ya kuacha sala "siku za aqraa" zako (aqraa ni wingi mwingine wa qur'u), na sala huachwa wakati wa hedhi.

Si ubishi wa vitabuni tu. Aliyeachwa akiwa tohara, kwa Shafi eda yake huisha damu ya tatu ikianza. Kwa Abu Hanifa, mpaka ikatike. Mume akimrejea mkewe katikati ya siku hizo, je?

Sisi huku pwani ni Mashafi, naelekea kuandika "tohara tatu". Ila naona kama naificha ile nyingine. Au niliache "quruu" lilivyo, nieleze pembeni? Mnaosomesha, nyie hufanyaje?