Naombeni ushauri: nimweleze vipi mkulima wa korosho kazi ya ramu?

Mwandishi wa Newala

Ndugu zangu, ninaandika makala fupi za kueleza kompyuta na simu kwa watu wa kawaida, na huzibandika kwenye ubao wa matangazo wa chama chetu cha msingi. Msimu uliopita karani aliingiza majina na kilo za wakulima tangu asubuhi bila kuhifadhi, umeme ukakatika, kazi yote ikapotea. Mzee mmoja, gunia lake likiwa bado juu ya mzani, akauliza: "Si tulikuwa tunayaona majina pale kwenye kioo? Yamekwenda wapi?"

Niliandika kwamba diski, yaani mahali faili zinapohifadhiwa, ni ghala, na ramu, yaani mahali kompyuta inaposhika kazi inayoendelea, ni meza ya kubangulia: korosho hutolewa ghalani, hufanyiwa kazi mezani, kisha hurudishwa. Mzee akaisoma, akanifuata: "Umeme ukikatika, korosho za mezani hazipotei." Amesema kweli, nami sikuwa na jibu. Naombeni mfano unaosimama.

Binti Mikindani

Kaka, shikamana na mzee huyo, kwa sababu wasomaji wengi wasipoelewa hunyamaza tu. Mfano wako una kasoro nyingine kubwa zaidi: faili likifunguliwa halitoki kwenye diski, bali nakala yake ndiyo inayopelekwa kwenye ramu, na ndiyo maana umeme ukirudi unalikuta kama ulivyolihifadhi mara ya mwisho. Ningetumia ubao wa chaki na leja. Karani huandika hesabu ubaoni, hufuta, husahihisha, kisha hunakili kwenye leja; ubao ukifutwa kabla hajanakili, hesabu hiyo haipo tena, lakini leja haijaguswa.

Fundi wa Masasi

Mfano wa ubao ni mzuri, ila swali la mzee lilikuwa "yamekwenda wapi", nalo lijibiwe. Ndani ya ramu kila biti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa, ni chaji ndogo ya umeme inayovuja kama maji katika mtungi wenye ufa, kwa hiyo kompyuta huijaza upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64 au chini ya hapo. Umeme ukikatika hakuna wa kuijaza, na mtungi unakauka. Majina hayakwenda popote.

Pia usiandike "kumbukumbu" kwa vyote viwili, ramu na mahali pa kuhifadhi faili. Wateja wangu hununua memori kadi wakitumaini simu itakuwa nyepesi, kumbe wameongeza nafasi ya picha tu. Andika "ramu" na "memori" kama wanavyotamka dukani, ukaeleze tofauti yake hapo hapo.

Mwandishi wa Newala

Dada, fundi, nawashukuru sana. Nitaandika upya kwa ubao na leja, na mtungi nitauweka katika aya yake peke yake ili mifano miwili isigongane. Safari hii nitamsomea mzee kwanza, kabla sijabandika.