Orodha za siga bora za mwaka: mnazifuata, au mnazisoma tu?

Kijivu_Kirefu

Wakuu, nisaidieni. Kila mwaka ukikaribia kuisha nangoja orodha ya jarida la Cigar Aficionado, ile ya siga 25 bora, kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Naagiza namba moja haraka haraka kabla wenzangu hawajaimaliza, na kwa miaka kadhaa sikuwahi kujiuliza kwa nini nafanya hivyo.

Sasa yamenikuta. Boksi la mshindi wa mwaka mmoja (jina naliacha, maana sijui kosa ni la nani) lilinifikia miezi miwili baada ya kutangazwa. Ya kwanza haikuvutika kabisa. Nilikata kichwa mara ya pili, nikachokonoa kwa sindano ndefu, wapi! Mashavu yalibonyea kama nanyonya asali kwa mrija. Ya pili iliungua upande mmoja, upande wa pili ukabaki unaning'inia kama ulimi. Ya tatu iliwaka vizuri, lakini ilitoa amonia ya banda la kuku lililofungwa siku tatu. Na hiyo ndiyo yenye pointi tisini na kitu kati ya mia.

Naomba kuelewa: hizi pointi zinapima nini hasa? Na nyie wakongwe mnazitumiaje?

Mzee_wa_Sanduku

Pole, kijana. Nianze kwa kuwatetea, halafu nitawageuka.

Jarida lile linavuta kwa upofu. Pete ya kiwanda, ile karatasi yenye jina inayozungushwa kwenye siga, inatolewa, inavishwa pete nyeupe yenye namba, na anayevuta hajui ni ya nani. Zile zilizopata alama za juu mwaka mzima zinanunuliwa upya na kuvutwa upya kabla orodha haijapangwa. Hiyo si kazi ya ovyo. Mimi na wewe tukiona pete nzuri tu tayari ulimi umeshaongeza pointi tatu.

Lakini siga ni majani yaliyosokotwa kwa mkono wa mtu. Jani la nje, jani la kufungia, na tumbaku ya ndani ambayo huwa mchanganyiko wa majani ya sehemu mbalimbali za mmea: ya juu makali na mazito kuwaka, ya chini mepesi. Msokotaji akilikunja jani moja vibaya, hewa haipiti. Hiyo ndiyo siga yako ya kwanza. Waonjaji walivuta chache, wewe umevuta nyingine, na siga mbili zilizotoka meza moja siku moja hazilazimiki kufanana.

Ile amonia ni habari nyingine. Ni dalili ya tumbaku ambayo haijamaliza kuchachuka, au siga iliyotoka mezani ikauzwa bila kupumzishwa. Sisemi kiwanda chako kilifanya hivyo. Nasema siga ikitajwa namba moja, simu za maagizo hazikatiki, na chumba cha kupumzishia siga ndicho cha kwanza kuonewa pale watu wanapokuwa na haraka. Wanaovuta kwa pupa baada ya tangazo huenda hawavuti kile walichovuta waonjaji.

Usizitupe zilizobaki. Zilaze kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, uzisahau.

Bi_Pete

Mzee amesema yote ya kiwandani, mimi niseme ya orodha yenyewe.

Kwanza, angalieni umbali kati ya namba 1 na namba 15. Mara nyingi ni pointi mbili au tatu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya siga mbili za boksi moja, lakini kwa kuwa zimepangwa ngazi kwa ngazi, macho yanaona mlima.

Pili, kinachoshinda ni siga ya kipimo fulani (urefu na unene), si jina zima. Mwaka 2018 ilishinda E.P. Carrillo Encore ya kipimo cha Majestic. Ukinunua Encore nyembamba zaidi unabadilisha uwiano wa jani la nje na tumbaku ya ndani, kwa hiyo ladha inahama. Nimeona watu wananunua kipimo kingine halafu wanalalamika wamedanganywa!

Tatu, na hii hunichekesha kila nikiikumbuka: namba moja ya 2010 ilikuwa Cohiba Behike BHK 52, na ya 2013 Montecristo No. 2. Zote za Kuba. Jarida ni la Marekani, na Marekani imeiwekea Kuba vikwazo vya biashara tangu 1962. Yaani wasomaji wake wengi waliambiwa siga bora ya mwaka ni ile ambayo duka la mtaani kwao haliruhusiwi kuiuza.

Ninavyotumia mimi: sitazami namba moja. Natazama jina linalorudi. Carrillo alishinda 2018, akashinda tena 2020. Familia ya García wa kiwanda cha My Father walishinda 2012, 2015 na 2024. Bahati haiji mara tatu kwa familia moja. Nikiona hivyo natafuta siga zao za kawaida ambazo hakuna anayezigombea, na nanunua mbili, si boksi.

Pumzi_Safi

Mnabishana pointi wakati siga moja kubwa inaweza kubeba tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Saratani ya mdomo haiulizi ulivuta namba moja au namba 25.

Kijivu_Kirefu

@Pumzi_Safi sina jibu, umesema kweli. Nimepunguza hadi moja kwa wiki, na najua moja si sifuri.

Wakuu wengine, narudi na ripoti. Maneno ya Bi Pete kuhusu pointi mbili tatu yalinikaa kichwani. Nikamwomba mke wangu avue pete za siga tano, azibandike namba kwa karatasi, majina ayafungie kwenye bahasha, anipe moja kila Jumamosi. Nikaandika alama kwenye daftari bila kumwonyesha.

Namba 2 nilivuta asubuhi sijala kitu. Nikaandika: "pilipili nyingi, inachoma koo, 86." Namba 5 nilivuta jioni nimeshiba, mvua inanyesha. Nikaandika: "mbao ya mwerezi, tamu mwishoni, haina papara, 92."

Akanifungulia bahasha. Namba 2 na namba 5 zilikuwa siga ileile, boksi lilelile. Alifanya makusudi, na alicheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo zile pointi sita sijui nimlaumu nani. Sio kiwanda wala jarida.

Lile boksi la amonia nimelilaza chini kabisa, nikaandika tarehe ya siku hiyo kwenye mfuniko kwa penseli. Jana nimekuta mtu ameongeza mstari chini yake, kwa mwandiko ninaoujua: "Usichungulie."