Antibayotiki na vidonge vya majira, naombeni ushauri wa haraka

Kimyakimya: Wakuu habari zenu, natumia vidonge vya majira mwaka wa pili sasa sijawahi kuruka hata siku moja, nimeandikiwa antibayotiki na shoga yangu ananiambia zinaua nguvu ya majira, ni kweli? Siku zangu zimechelewa siku tisa. Naogopa.

MzeeKigoda: Mama zetu walizaa kumi na moja bila vidonge na walikuwa na afya kuliko nyie. Acheni kuchezea miili.

BintiTarumbeta: Mzee hujaulizwa hilo. Dada mi nilimeza amoksilini na majira wala hakikutokea kitu, mimba niliipata baadaye nilipoharisha siku tatu mfululizo, sasa hivi yuko darasa la pili na kiburi kama babake.

NesiMstaafu: Antibayotiki nyingi hazina shida na majira, labda zikikutapisha au kukuharisha. Taja jina la dawa.

Kimyakimya: Za kifua tu.

NesiMstaafu: Mkojo una rangi gani?

Kimyakimya: Kama chungwa. Hata kitambaa cha jasho kimeingia rangi. Sawa, ni TB, niko mwezi wa pili, sikutaka kuandika maana watu wakisikia TB wanakimbia.

NesiMstaafu: Basi ni rifampisini hiyo, ndo yenyewe inayopaka rangi. Inalifanya ini livunje homoni za majira haraka mno, kwa hiyo unameza kila siku lakini kwenye damu hazitoshi. Hata ukimaliza dozi bado inaendelea kama wiki nne. Ila usije ukaacha dawa za TB! Tumieni kondomu, na uulize kliniki sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba, hizo haziguswi.

Kimyakimya: Kuacha siachi. Nimeshaanza kumeza majira mbili mbili ili zifidie.

NesiMstaafu: Kwa rifampisini hilo halitegemewi. Kwa nini si kondomu?

Kimyakimya: Siwezi. Mume wangu anajua tunatafuta mtoto.

BintiTarumbeta: 🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️

DumeLaNyuki: Hii chai jamani. Kwanza antibayotiki, halafu TB, halafu mbili mbili, sasa mume hajui. Kesho atatuambia mapacha. Kwanza huyu ni mwanaume.

MzeeKigoda: Nilijua tu. Muongo.

Kimyakimya: Mimi muongo kwa mume wangu, kwenu sijadanganya kitu. TB anaijua, yeye ndo ananiamsha saa kumi na mbili na glasi ya maji, anasimama pale mpaka nimeze. Akigeuka naingia chooni namalizia zile zingine. Nataka nipone kwanza ndo nizae, ubaya uko wapi?

BintiTarumbeta: Ungemwambia hivyohivyo ulivyoandika hapa. Mbona kinaeleweka.

DumeLaNyuki: Mbona kama machozi yananitoka. Ya rangi ya chungwa.

NesiMstaafu: Dume tulia. Dada kapime. Ikiwa ipo, matibabu ya TB yanaendelea hivyohivyo, waambie tu kliniki mapema. Na mbili mbili acha.

Kimyakimya: Kipimo ninacho tangu juzi, kiko ndani ya kiatu kabatini. Nasubiri asubuhi akishatoka.

DumeLaNyuki: Mi msimamo wangu mapacha.