Naomba ushauri: kasi na maandishi ya filamu bubu za wasichana wa dukani

Wakuu, habari. Naandaa onyesho la filamu mbili za Marekani za mwaka 1927: It ya Clara Bow na My Best Girl ya Mary Pickford. Zote zinamhusu mfanyakazi wa dukani na mapenzi yake na mtoto wa tajiri, ila Betty Lou wa It anamlenga bosi waziwazi, wakati Maggie wa My Best Girl anamfundisha Joe kazi ya stoo bila kujua ndiye mrithi.

Kwanza kasi. Filamu ya fremu (picha moja moja) 20 kwa sekunde ikichezwa kwa 24, dakika 90 zinakuwa 75, na jicho la mahaba linageuka kichekesho. Nikishusha mno, watu wanatembea kama wamo majini. Mnapima kwa hatua za miguu au kwa muda wa kadi za maandishi, yaani maneno yanayotokea kati ya picha?

Pili, hizo kadi. Msimulizi akizisoma kwa Kiswahili anachelewa, sauti inaangukia tukio linalofuata. Nisimamishe kadi sekunde mbili zaidi (mpiga kinanda anayesindikiza filamu atavumilia?), au niweke maandishi chini? Binafsi naegemea msimulizi, mradi anyamaze wanapotazamana.