Naomba ushauri: rupia 15 ya Tabora 1916, niiuze kwa gramu au kwa mkusanyaji?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaozijua sarafu za zamani. Bibi katuachia mbili za dhahabu na familia tumekubaliana ziuzwe tulipe ada za wadogo zetu. Moja ni rupia 15 ya Mjerumani ya 1916, ina tembo kainua mkonga na milima nyuma yake, chini herufi T ya Tabora, maana zilipigwa palepale kwenye karakana ya reli wakati wa vita kuu ya kwanza, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Nyingine ni paundi ya Uingereza ya 1911, kichwa cha mfalme George V, ila ilishachomelewa kipete cha kuvalia kwenye mkufu.

Sasa sonara kazipima zote mzanini akanipigia hesabu ya gramu basi. Kwa paundi sina neno, karati 22, zimejaa duniani na hiyo ya kuchomelewa mkusanyaji hahangaiki nayo. Lakini ya tembo, karati 18, gramu 7 na pointi, zilitoka kama elfu 16 tu, mtu aiyeyushe atengeneze hereni?? Inaniuma kwa kweli. Alitaka hadi kuing'arisha nikagoma, ukishaisugua tu bei ya mkusanyaji inashuka.

Feki za hii zipo, nitaihakikishaje bila kuikwangua? Na kuituma nje wataalamu waithibitishe na kuipa daraja la ubora kabla ya mnada kunalipa, au gharama itakula faida yote? Aliyewahi kuuza ya tembo anisaidie tafadhali, sonara anataka jibu wiki hii.