Koini za kasoro: nitume zikasafishwe na wataalamu ng'ambo ama niziache tu?

Chenji_Nax
Wakuu habari zenu. Niko Nakuru, nakusanya koini za kasoro, yaani zilizotoka kiwandani zikiwa na makosa, zingine napata kwa chenji pale Wakulima, zingine kwa wazee wa huku Njoro wanaoweka pesa za kitambo kwa mkebe wa Kimbo. Sasa mbili zinaninyima usingizi. Moja ni senti kumi ya East Africa ya King George wa sita, ile kubwa yenye tundu na pembe mbili za ndovu, lakini tundu liko kando mpaka limekula pembe moja. Nyingine ni ile ya shilingi kumi ya Moi ya 1994, kiini cha katikati kimeegemea upande mmoja. Nilikuwa nimeziweka kwa albamu ya plastiki laini, na sasa zimetoka utando wa kijani unanatanata hivi. Naona NGC ya Marekani, kampuni ya kugredi koini (kuzipima ubora), wana kitengo chao NCS cha kutunza koini, na wenzao PCGS nao wanafanya. Inalipa kweli kutuma? Kuna boda wa hapa stejini ananiambia niweke ndimu na majivu niache kujisumbua.

Omera_Kibuye
Omera ndimu weka kwa samaki!! Asidi inakula ngozi ya juu ya shaba, koini inabaki na ile rangi ya waridi kama imechunwa, na hiyo haifichiki, mtu wa kugredi akiigeuza tu kwa taa ameona. NGC watakuandikia Details, yaani koini imeharibiwa, badala ya namba ya ile skeli ya 1 mpaka 70 na bei imeanguka hapo hapo. Majivu ndio mabaya zaidi coz yanakwaruza. Brasso pia usiguse, wala dawa ya meno.

Huo utando ni ile PVC ya plastiki laini inatoa kitu ikikaa na joto, na sisi wa karibu na ziwa tunajua hayo mambo ya unyevu. Toa kwa hiyo albamu LEO kabla hata hujaamua kitu kingine.

MamaSenti_Kakamega
Nakubaliana na huyo wa Kibuye kwa ndimu, lakini mwanangu mbona unaanza na usafi na hujajua kama kasoro ni ya kiwandani? Koini ya kutobolewa na fundi wa jua kali hata ikisafishwa London bado ni koini iliyotobolewa. Hizo za tundu kwa kawaida duara lilitobolewa kwanza ndio likapigwa chapa. Kwa hivyo chukua lenzi ya sonara uangalie mdomo wa tundu, kama ni la kiwandani chuma kimesukumwa kidogo kuingia ndani na mchoro unafika pale umelegea au umevutika. Kama ni drili, mdomo ni mkali, mchoro umekatwa ghafla, na saa zingine shaba ndani inang'aa mpya kuliko kwingine. Angalia pia ukingo wa nje. Halafu hiyo ya 1994 usiniambie mtu hajaipiga nyundo, watu wanatoa kiini wanarudisha kando wanauza kwa wageni.

Chenji_Nax
Asante sana mama. Nimeangalia ya senti kumi, upande wa pembe iliyokatwa chuma kimelala kuingia kwa tundu, hakuna alama ya drili hata moja. Ile ya Moi iko na mikwaruzo kwa mzunguko wa kiini pande zote mbili, nahisi imetolewa 😩

MamaSenti_Kakamega
Basi hiyo ya Moi jibu umepata, usiilipie hata posta. Ya tundu sasa ndio ya kuongelewa.

Bungoma_Kando
Mimi siamini hii biashara ya kutuma kila kitu Marekani. Piga hesabu, ada yao ya kusafisha, ya kugredi, kutuma na bima, kurudisha, halafu kastamu wakuangalie vibaya, na senti kumi ya East Africa hata ya kasoro wanunuzi ni wachache. Na wataalamu wenyewe wanaondoa uchafu tu, hawajazi mashimo ya kutu.

Omera_Kibuye
Bungoma hapo umesema, lakini inategemea hiyo kijani ni gani. @Chenji chukua kijiti cha meno cha mbao, gusa pole pole pembeni. Ikisukumika kama grisi ni PVC, hiyo unatoa mwenyewe nyumbani. Ikiwa ngumu na inatoka unga, hiyo ni kutu ya shaba imeshaanza kula, asetoni (ile dawa ya kuyeyusha grisi) haiitoi, na hapo ndio ningefikiria wataalamu, tena kama umepata mnunuzi anayeitaka.

Chenji_Nax
Ni grisi. Imesukumika yote.

Omera_Kibuye
Poa. Piga picha kwanza pande zote. Tafuta asetoni safi ya maabara, si ile ya kutoa rangi ya kucha yenye marashi na mafuta. Iloweshe kwa glasi, kikombe cha plastiki kinaweza kuyeyuka na utarudi palepale, ukiona bado kuna utando badilisha asetoni. Usisugue, ikitoka suuza na asetoni nyingine mpya uiache ikauke yenyewe. Na fanyia nje, mbali na jiko, hiyo kitu inashika moto haraka sana.

MamaSenti_Kakamega
Na ukimaliza weka kwa mfuko wa Mylar, plastiki isiyo na PVC, na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu, ile ya kwa boksi za viatu. Halafu utuwekee picha ya tundu, nataka kuona kama chini kuna herufi H, I ama SA, zile alama za kiwanda kilichoipiga chapa.