Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, ikiisha, tukubali hewa ukaa izikwe chini ya bahari yetu?

Kusini_Kwetu: Wakuu, za jioni. Wanorwe tangu 1996 wanashindilia hewa ukaa (ile CO2 inayopasha dunia joto) chini ya bahari pale Sleipner, kwenye visima vyao vya gesi baharini, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu tani milioni moja kwa mwaka. Na Equinor, kampuni ya mafuta na gesi ya huko, ndio hao hao wabia kwenye gesi yetu ya bahari ya kina kirefu inayosubiri kiwanda cha kuisindika pale Likong'o, Lindi. Siku wakija na hoja ya kujaza visima vyetu vilivyokauka, tuwajibu nini?

FundiMitambo: Ndiyo, ila kwa bei yetu. Hewa inabanwa mpaka inakuwa nzito kama kimiminika, inateremshwa zaidi ya mita 800, juu yake kuna mwamba usiopitisha kitu. Mwamba ule ule ulioshika gesi miaka mamilioni. Tatizo letu kusini ni kupinga kabla ya kusoma. Mlipinga bomba la gesi la kwenda Dar, leo bado mnapikia mkaa.

Bi_Msimbati: Kaka, ulianza vizuri ukamalizia kwa kututemea mate. 2013 watu walisema gesi ichakatwe huku, ajira zibaki huku. Hapo ujinga uko wapi? Bomba likafika Dar 2015. Mkaa ninaopikia ndio jibu lako.

FundiMitambo: Mie mzaliwa wa Ligula, Mtwara hapa hapa, usinihamishie Dar. Umeme uliochajia simu unayonitukania, umetoka wapi?

Chale_Kilwa: Kila mkitaja gesi ni Mtwara tu. Songo Songo inapeleka Ubungo tangu 2004 na hatukuchoma hata tairi.

Bi_Msimbati: Na upole huo umewalipa nini?

Chale_Kilwa: 😂 Hapo umenipata, lakini usinizoee.

Dereva_Mikindani: Mwamba mwamba… Kameruni ziwa lilitema hewa hiyo hiyo usiku mmoja, watu zaidi ya elfu wakafa.

FundiMitambo: Nyos, 1986. Ziwa la volkano, hakuna aliyezika kitu pale. Tusitishane.

Dereva_Mikindani: Na Mississippi 2020? Bomba la hewa ukaa lilipasuka, magari yakazima njiani, watu wakakimbizwa hospitali. Nayo volkano? Hewa ile nzito, inalala mabondeni. Mimi mwamba siuogopi, naogopa bomba likipita nyuma ya nyumba ya mama yangu.

FundiMitambo: Dada wa Msimbati bado hajanijibu la umeme.

Mwl_Nachingwea: Kabla ya kuzika ya wageni, tutazame ya kwetu. Saruji ya Dangote inatokana na jiwe la chokaa, na jiwe hilo likichomwa linatoa hewa ukaa lenyewe, hata moto uwe wa gesi au wa jua. Kiwanda cha saruji cha Brevik, Norwe, kimeanza kuinasa 2025, inapakiwa melini ikazikwe chini ya bahari. Gharama yake sasa!

Kusini_Kwetu: Mwalimu, usiwape wazo. Nina lenta sijamaliza, saruji ikipanda tena nitahamia kwako.

Bi_Msimbati: Fundi, umeme ni wa gesi yetu na bili nalipa mimi. Nimejibu. Sasa njoo kijijini uwaeleze wazee huo mwamba wako, hapa unaeleza vidole.

FundiMitambo: Nakuja Jumamosi. Naandaliwa nini?

Bi_Msimbati: Ming'oko, ukiwa na adabu. Na usije na kigari chako cha chini, mchanga wa huku utakulaza njiani.